Malazi Huombwa, Hayaamrishwi

Askari aliye likizoni, asafiriye peke yake na mwenye fedha kidogo, pengine usiku humkuta kijijini asikojulikana. Rai yetu ni kwamba aombe malazi, asiamrishe.

Chama cha Servas, kilichoanzishwa Denmark mwaka 1949 ili kujenga amani baada ya vita, huwapatia wasafiri malazi majumbani mwa wenyeji bila malipo. Lakini msafiri huja na barua ya utambulisho, na kwa kawaida hulala siku mbili tu. Wazee wetu nao walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Mwenyeji ana haki ya kukataa, ila mbele ya sare ulimi wake huwa mzito. Kwa hiyo, ndugu askari, jitambulishe kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji. Ukikataliwa, shukuru, uende zako.