Acheni kununua inchi

Najua nimeadimika. Wiki mbili nzima sijaandika hata mstari, na mmoja wenu akanitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Sijadisko. Kioo cha laptopu yangu ndo kilidisko. Nililala nikisoma, alfajiri nikaamka nimeilalia, naiwasha nakuta utando wa buibui katikati na wino mweusi unatambaa kila saa. Mwaka wa tatu huu, ripoti ya utafiti inadaiwa, na fundi ananitajia bei ya kioo kipya inayokula zaidi ya nusu ya bumu.

Mwenzangu wa chumbani, yeye yuko uhandisi, akaniambia kitu cha busara kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuishi pamoja: laptopu haijafa, kilichokufa ni kioo tu. Tafuta monita ya mtumba, chomeka waya, endelea na maisha.

Basi Jumamosi nikaenda Kariakoo. Na hapo ndipo nilipopata hasira niliyokuja nayo leo.

Muuzaji ananionyesha monita mpya ya inchi 19, nyembamba, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Eti, "Dada, hii ni LED, siyo LCD. Hizo LCD zimeshapitwa na wakati." Nikatikisa kichwa kama najua. Baadaye nikasoma, kumbe nilikuwa nadanganywa mchana kweupe (au na yeye alidanganywa, sijui). Monita zile zote mbili ni LCD! Nyuma kuna taa nyeupe. Mbele yake kuna tabaka jembamba la majimaji yenye tabia za fuwele, yamebanwa katikati ya vioo viwili vyenye utando wa kuchuja mwanga. Umeme ukiyagusa yanabadili mkao, mwanga unapita au unazuiwa, kisha unakutana na vichujio vidogo vidogo vya nyekundu, kijani na bluu. Hiyo ndo picha. LED ni aina ya taa iliyoko nyuma tu. Za zamani zilitumia taa za mirija, jamaa wa zile tyubulaiti za darasani. Inayotoa mwanga wake yenyewe bila taa ya nyuma ni OLED, na hiyo kwa bei yake tuiache ipite.

Halafu cheka kidogo: majimaji hayo chanzo chake ni karoti. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, alikuwa anachunguza kemikali inayotokana na karoti akaona inayeyuka mara mbili. Kwenye nyuzi 145 inakuwa maji yenye ukungu, kwenye nyuzi 178 ukungu unatoweka. Ikapita miaka 80 mpaka kampuni ya RCA ya Marekani ilipotangaza skrini za kwanza za namna hii, mwaka 1968. Siku nyingine ukimwona mtu anahangaika na jambo lisilo na faida, mwache kwanza.

Turudi dukani. Kwenye kona kulikuwa na lundo la monita za mraba, zile za maofisini, zimejaa vumbi, stika za watu bado ziko mgongoni. Nazo inchi 19. Bei chini ya nusu ya ile inayong'aa. Muuzaji hakutaka hata nizitazame.

Mimi nina rula kwenye begi. Mwalimu hatembei bila rula. Nikapima. Ile pana, kioo chake kina urefu wa kwenda juu usiofika sentimita 24. Ile ya mraba, sentimita 30. Mnajua karatasi ya A4 ina urefu gani? Sentimita 29.7. Yaani ukurasa mzima wa ripoti unakaa pale kwa ukubwa wake halisi, bila kushuka wala kupanda.

Inakuwaje zote ziitwe inchi 19? Kwa sababu inchi zinapimwa kutoka kona hadi kona. Ukiivuta skrini iwe pana na fupi, kona zinabaki mbali vile vile lakini eneo linapungua. Na ndani yake pia. Ile mpya ilikuwa na pikseli 1366 kwa 768. Ya mraba 1280 kwa 1024. Mistari 1024 ya kusomea dhidi ya 768! Kwa mtu anayeangalia muvi ile pana ni sawa kabisa, sina ugomvi naye. Lakini sisi tunasoma PDF za kurasa 40 na kuandika mpaka macho yanatoa machozi. Kwa nini tunanunua kitu kilichokatwa juu na chini halafu tunalipa zaidi kwa kuwa kinang'aa?

Nikamwomba afungue PDF moja kwenye zote mbili. Kwenye ile pana, nusu ukurasa. Kwenye ya mraba, ukurasa wote, herufi zinasomeka. Akanyamaza. Nikatoa hela.

Sasa msinishike vibaya. Kama nyumbani wanazo, chukua ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080 na paneli ya IPS. Kioo chake nacho kwenda juu ni karibu sentimita 30, na unaweka kurasa mbili pembeni kwa pembeni. Ila usipelekwe puta na inchi 27 yenye pikseli hizo hizo. Ni shuka lile lile limetandikwa kwenye kitanda kikubwa zaidi, linavutwa tu, herufi zinakuwa na meno. Na IPS siyo pambo: zile za bei rahisi nyingi ni TN, ukiitazama kutoka chini au ubavuni rangi zinageuka. Yangu ni TN. Siku ya mechi, watano tumejipanga kitandani, aliyekaa chini anaona timu nyingine kabisa.

Ukienda kununua ya mtumba usikubali kuwashiwa dakika mbili. Iache nusu saa. Taa za mirija zikichoka mwanga unakuwa wa njano au pinki na kona zinafifia, na hiyo huijui mpaka ipate moto. Kuna nyingine inawaka sekunde mbili inazima. Ikifanya hivyo mara nyingi kosa liko kwenye taa au kapasita zimevimba ndani. Fundi anaweza kubadilisha kapasita, lakini hiyo bei aikate muuzaji, siyo wewe. Fungua Paint, jaza skrini nyeupe, kisha nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Pikseli iliyokufa itajitokeza kama mbegu ya papai. Angalia matundu ya nyuma pia. Kama ina DVI una bahati, waya wa HDMI kwenda DVI unatosha. Kama ni VGA tupu, utahitaji adapta ya kugeuza ishara, mimi yangu ilinitoa elfu kadhaa za ziada. Na ukifika chumbani ingia kwenye mipangilio uweke rezolusheni yake halisi. Nimekuta mtu hosteli kwetu anailaumu monita eti ina ukungu, kumbe ameiweka 1024 kwa 768 tangu mwezi wa tatu.

Kuibeba ilikuwa sinema. Daladala imejaa, nimeikumbatia kioo kikitazama kifua changu kama mtoto mgonjwa, kila kiwiko kikija nageuka nacho. Konda akaniuliza, "Mama, huyo analipa nauli?" Watu wakacheka. Nikalipa yangu tu.

Sehemu ya usafi ndiyo inayoniuma, na siyo kwa sababu ya monita yangu.

Kwenye TP ya mwaka jana nilipangwa sekondari moja ya mkoani. Ilikuwa na chumba cha kompyuta, monita sita za msaada. Nne zilikuwa na mabaka meupe kama ukoga, na moja ilikuwa na mistari iliyosimama kuanzia chini mpaka juu. Kila Ijumaa vijana walikuwa wakizisugua kwa maji ya sabuni na gazeti, kwa bidii ya kweli, kama wanavyosugua madirisha. Nani aliwaambia vinginevyo? Kile cha mbele siyo kioo cha dirisha. Ni utando laini wa plastiki, gazeti linaukwaruza, dawa za kusafishia vioo zinaula. Na ukimwaga maji juu yanateremka mpaka ukingo wa chini, pale pale zilipo nyaya.

Nikamfuata mwalimu wa zamu. "Shikamoo mwalimu. Naomba tuwe tunazizima kwanza, halafu tunatumia kitambaa laini kikavu. Doa likigoma, tunalowesha kitambaa kidogo, siyo monita."

"Marahaba. Wewe si wa Kiswahili na Jiografia? Haya umeyajulia wapi?"

Sikuwa na jibu zuri. Akanitazama kidogo, akaingiza mkono mfukoni, akanikabidhi funguo za chumba. Darasa la kidato cha pili, wanafunzi zaidi ya 50, monita mbili zinazosomeka. Wenzangu wa ualimu, hizo funguo mtapewa na nyie. Ukionekana tu unajua kuwasha kompyuta, umeshakuwa mtaalamu wa shule nzima, na hakuna somo hata moja hapa linalotufundisha namna ya kufuta kioo.

Mengine ni madogo. Chomeka kwenye TV guard, umeme wetu mnaujua. Usiifunike khanga ikiwa bado ya moto. Usiguse kioo kwa kidole kuonyesha sentensi (mwenzangu wa chumbani, nakusema wewe). Na zile za taa za mirija zina zebaki kidogo ndani, ikifa usiipasue wala kuitupa jalalani pale nyuma ya hosteli.

Koridoni wanaiita TV ya bibi. Juzi usiku watatu kati ya hao wanaoicheka walikuja kuomba wasomee ripoti zao hapa, ukurasa mzima mzima. Nimewapa zamu. Yangu inaanza saa nne na niko ukurasa wa 31, kwa hiyo mkiona kimya tena mjue ni sura ya nne au ni umeme.