Uchafu wa Chaka Unakwenda Wapi?



Asafiriye kutoka Nyeri kwenda Nanyuki hana budi kupita Chaka. Serikali imejenga soko kubwa pale, na reli ya Nanyuki, iliyolala kwa miaka mingi, ilifufuliwa mwaka 2020. Twayafurahia hayo. Lakini utepe hukatwa mbele ya soko. Hatujapata kusikia umekatwa mbele ya shimo la choo.

Kila ndoo ya maji iingiayo mjini hutoka ikiwa chafu. Pasipofika mabomba ya maji taka, uchafu huo huingia katika choo cha shimo, au katika tangi lililozikwa uani, kisha hunywea ardhini. Boma moja likifanya hivyo, ardhi hustahimili. Soko, hoteli na nyumba za kupangisha zilizosongamana ni jambo jingine kabisa. Shimo likijaa huitwa lori la kunyonya, na hapo ndipo swali letu lilipo: lori hilo likishalipwa na kuondoka, humwaga wapi? Maji ya Mto Thego huishia Tana, na kando ya mito hiyo wako wanaochota kwa mitungi. Hao hawaulizwi neno na walio juu yao.

Hata Musa alipokuwa jangwani na watu wake aliweka sheria ya kuchimba nje ya kambi na kufukia (Kumbukumbu la Torati, sura ya 23). Wala hakuwa na wizara.

Tunaambiwa kwamba usafishaji wa maji taka ni anasa ya miji mikubwa. Si kweli. Moshi, chini ya Kilimanjaro, husafisha maji taka yake kwa mabwawa ya Mabogini, na wakulima wa mpunga wameyatumia mashambani maji yatokayo huko. Bwawa la kwanza ni la kina kirefu, na uchafu mzito hutuama humo. Katika yale yanayofuata jua huotesha mwani, mwani hutoa hewa safi, na vijidudu hula kilichobaki. Katika la mwisho, lisilo na kina, jua huua vimelea vya maradhi. Hakuna mtambo wa umeme wa lazima. Kinachotakiwa ni ardhi, na mtu wa kuzoa matope kila baada ya miaka kadhaa. Hatufichi kwamba baridi ya Kieni hupunguza kasi ya kazi hiyo, kwa hiyo mabwawa yetu yangehitaji nafasi kubwa kuliko ya Moshi. Tena hakuna apendaye kuwa jirani yake. Basi na eneo litengwe sasa, kabla kila kiwanja hakijauzwa. Mabwawa yasiyo na fungu la matunzo yatageuka kinamasi cha mbu, nasi tutakuwa wa kwanza kuyapinga.

Zamani za chama kimoja, mwenye kuuliza haya angeitwa mchochezi. Leo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi na ya maji safi na salama; na Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti huduma za maji na usafi. Hakuna tena wa kusingizia Nairobi.

Sheria ya fedha za umma ya 2012 huitaka serikali ya kaunti ipeleke makadirio ya bajeti katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Twawaomba wazee wa kanisa, vikundi vya akina mama na wachuuzi wa soko wasiende kule kupiga makofi tu. Waulize ni fungu gani limetengewa maji taka ya Chaka, ardhi i wapi, na malori humwaga wapi leo. Waulize kwa maandishi, na wabaki na nakala iliyopigwa muhuri.