Kisonono cha koo: Ugonjwa usiouma na usiopimwa

Mwezi Novemba 2025, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa takwimu ambazo katika vyumba vingi vya habari zilipita kama taarifa ya siku moja. Katika nchi 12 zinazoshiriki mpango wa shirika hilo wa kufuatilia usugu wa kisonono, Uganda ikiwa mojawapo, sampuli zinazostahimili dawa ya seftriaksoni zilipanda kutoka asilimia 0.8 mwaka 2022 hadi asilimia 5 mwaka 2024. Kwa sefiksimu, ambayo ni dawa ya kumeza ya ukoo huohuo, ongezeko lilikuwa kutoka asilimia 1.7 hadi 11. Ama siprofloksasini, maarufu kwenye maduka ya dawa kwa jina la sipro, imekwisha kushindwa katika asilimia 95 ya sampuli.

Viwango vya juu zaidi vya usugu vilipatikana Cambodia na Vietnam, wala si Afrika Mashariki. Hiyo ni nafuu ya kiasi tu, kwa sababu mpango huo hutegemea hasa wanaume wanaofika kliniki wakitokwa na usaha kwenye njia ya mkojo. Wenye kisonono kilichojificha kooni hawamo katika hesabu, na wataalamu wengi wanaamini kwamba koo ndiko usugu unakozaliwa.

Lugha yenyewe inachangia kutupotosha. Neno kisonono lina udugu na kitenzi kusonona, yaani kuuma kwa maumivu yasiyoisha. Mgonjwa alitambuliwa kwa mateso aliyoyapata anapokwenda haja ndogo. Anayeifasiri habari ya maambukizi ya mdomo hujikuta akiuita ugonjwa wa maumivu hali ambayo, kwa walio wengi, haiumi hata kidogo. Hata kuuita kisonono cha mdomo si sahihi sana, kwa kuwa bakteria hao hukaa nyuma zaidi, kwenye koromeo na tezi za koo.

Anayesababisha ugonjwa huu ni bakteria aliyetambuliwa na daktari Mjerumani Albert Neisser mwaka 1879, naye ndiye yuleyule, awe kwenye uke, uume, njia ya haja kubwa au kooni. Hufika kooni kwa njia ya ngono ya mdomo na mtu aliyeambukizwa, na kutoka hapo huweza kurudi kwenye sehemu za siri za mwenzi mwingine. Wachache huhisi koo kuwasha au kuvimba tezi za shingo, wakadhani ni mafua. Wengine hawahisi lolote. Maambukizi ya kooni mara nyingi hutoweka yenyewe baada ya wiki au miezi kadhaa, lakini katika muda huo mtu huendelea kuwaambukiza wenzake pasipo kujua.

Jambo linalowatia hofu wataalamu ni yale yanayotokea humo kooni. Koo la binadamu ni makazi ya bakteria wengine wa jamii ya Neisseria wasiomdhuru mwenyeji wao. Hao hukutana na antibiotiki kila mtu anapomeza dawa kwa ajili ya kikohozi, jino au tumbo, na baadhi yao wamekwisha kuzizoea. Bakteria wa kisonono anapowasili huweza kuchukua vipande vya vinasaba vya jirani hao na kuvifanya vyake. Isitoshe, dawa nyingi hupenya kwa shida kwenye tishu za koo, hivyo kipimo kinachomponya mtu kwenye njia ya mkojo huweza kuwaacha bakteria wachache hai kooni, wakiwa wamekwisha kuonja dawa.

Ushahidi wa hayo upo. Kisonono cha kwanza kuripotiwa kuwa na usugu mkubwa dhidi ya seftriaksoni kilipatikana mwaka 2009 kwenye koo la mwanamke mmoja mjini Kyoto, Japani. Mwaka 2018, madaktari wa Uingereza walimtibu mwanamume aliyeambukizwa Kusini-Mashariki mwa Asia. Njia yake ya mkojo ilipona, koo likakataa. Ilibidi atiwe dawa ya ertapenemu kwa mshipa, dawa ambayo kwa kawaida huhifadhiwa kwa wagonjwa mahututi hospitalini.

Tukirudi Uganda, kama ilivyo kwa majirani zake wengi, vituo vya afya hutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili. Mgonjwa hueleza anachohisi, mhudumu humpa dawa siku hiyohiyo bila kungoja maabara. Utaratibu huo usibezwe: umewaponya watu wengi mahali ambapo maabara iko mbali na nauli ni tatizo. Ila umejengwa juu ya usaha na maumivu, vitu viwili ambavyo koo halina. Darubini nayo haisaidii, kwa sababu bakteria wa kisonono na jirani zake wasio na madhara hufanana mno.

Kipimo kinachofaa ni cha vinasaba, kwa kupangusa koo kwa pamba. Mashine za GeneXpert, zinazotumika kupima kifua kikuu katika hospitali nyingi za ukanda huu, zina uwezo huo, na Marekani iliidhinisha zitumike kwa sampuli za koo mwaka 2019. Kinachokosekana ni katriji za kazi hiyo, ambazo si rahisi, na mtu wa kuuliza swali.

Swali hilo ndilo gumu kuliko mashine. Mhudumu anayemuuliza mama wa watoto watatu kama amefanya ngono ya mdomo na mumewe anajua kwamba huenda mazungumzo yakaishia hapo, ingawa ugonjwa huu huwapata pia wanandoa wa kawaida kabisa. Kwa wanaume wanaoshiriki ngono na wanaume, hofu ni kubwa zaidi tangu Rais Yoweri Museveni alipotia saini Sheria ya Kupinga Ushoga mwezi Mei 2023. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, lakini ilibatilisha vifungu kadhaa, kikiwemo kilichowalazimu watu kutoa taarifa kwa mamlaka. Kwa maneno ya sheria, basi, mhudumu wa afya hana wajibu huo tena. Kama mgonjwa aliyeketi mbele yake anaijua na kuiamini hukumu hiyo ni jambo jingine.

Kwa anayeshuku kwamba ameambukizwa, sindano ya seftriaksoni bado ndiyo tiba inayotegemewa zaidi kwa koo. Vidonge vya sefiksimu ni dhaifu huko, na kusukutua kwa dawa ya kinywa hakuponyi. Wenzi nao hutibiwa, na koo hupimwa tena baada ya wiki moja hadi mbili, hatua ambayo penye mashine hurukwa mara nyingi kwa kuwa mgonjwa hajisikii vibaya. Kondomu hupunguza hatari hata katika ngono ya mdomo.

Dawa mpya zipo njiani. Zoliflodasini, iliyojaribiwa kwa watu 930 katika nchi tano, Afrika Kusini ikiwemo, iliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2025 pamoja na gepotidasini, zote mbili zikiwa za kumeza. Idhini hiyo inahusu kisonono cha sehemu za siri. Koo halikutajwa.