Waliwaona Tangu Mchana

Ndege iliwaona saa 6:47 mchana. Mashua ikazama saa 8 usiku. Hapo katikati zimepita zaidi ya saa 13, na katika saa zote hizo hakuna hata mtu mmoja aliyeshushwa kutoka mashua ile na kupelekwa penye usalama. Naomba msomaji azishike saa hizo 13, kwa sababu kila utetezi uliotolewa tangu siku ile umejaribu kutusahaulisha.

Nazungumzia Adriana, mashua chakavu ya uvuvi iliyong'oa nanga Tobruk, Libya, Juni 2023, ikielekea Italia na watu wapatao 750: Wapakistani, Wamisri, Wasyria, Wapalestina. Tarehe 13, ndege ya doria ya Frontex, shirika la mipaka la Umoja wa Ulaya, iliikuta kusini-magharibi mwa Ugiriki. Ikaizunguka kwa kama dakika 10, ikapiga picha, ikatoa taarifa, ikaondoka kwa sababu mafuta yanakwisha. Alasiri ikaja helikopta ya walinzi wa pwani wa Ugiriki. Nayo ikapiga picha, ikaenda zake. Usiku ikafika boti yao ya doria. Adriana ikapinduka maili 47 za baharini kutoka Pylos, kwenye moja ya sehemu zenye kina kirefu kuliko zote katika Bahari ya Mediterania. Walionusurika ni 104, wanaume watupu. Miili iliyoopolewa ni 82. Waliobaki wote wamekwenda chini na mashua, wakiwamo wanawake na watoto ambao walionusurika wanasema walikuwa wamekaa vyumba vya chini.

Picha ya helikopta ipo, na walinzi wa pwani ndio walioitoa wenyewe. Itazame vizuri. Sitaha imefunikwa na watu, huoni ubao. Wamebanana kutoka omo hadi tezi, wengine wamepanda juu ya kibanda cha nahodha, na wapo walioinua mikono kuelekea ilikotoka kamera. Jaketi la kuokolea huoni hata moja. Mvuvi wa Kizimkazi akikuta ngalawa imejaza watu namna hiyo, haulizi wanakwenda wapi wala hangoji kuombwa. Anageuza tanga, anawaita wenzake. Maofisa wenye helikopta, rada na sheria mkononi waliitazama picha hiyohiyo wakasema: hawakuomba msaada.

Hiyo ndiyo hoja yao kuu mpaka leo. Kwamba watu wa Adriana walikataa kusaidiwa, walitaka kufika Italia, na mashua ilikuwa inakwenda vizuri. Ni hoja ya aibu. Kanuni namba 656 ya mwaka 2014 ya Umoja wa Ulaya, inayoongoza operesheni za Frontex baharini, inasema waziwazi kwamba dharura haitegemei ombi la msaada peke yake. Inataka wahusika waangalie wingi wa abiria ukilinganishwa na chombo, waangalie kama yupo nahodha anayejua kazi yake, kama kuna vifaa vya uokoaji, kama kuna watoto na wajawazito. Mengi kati ya maswali hayo yalikuwa yameshajibiwa na picha moja. Na hata hilo la kwenda vizuri halisimami: BBC ilichunguza mienendo ya meli nyingine zilizoizunguka Adriana, ikaonyesha kwamba mashua haikuwa imesogea kwa angalau saa 7 kabla ya kupinduka. Meli mbili za biashara ziliagizwa kuwasogezea maji na chakula. Kama abiria wale walikuwa salama, kwa nini meli zilihitajika kuwapelekea maji?

Yaliyotokea dakika za mwisho yanatisha zaidi. Walionusurika wanasema boti ya doria iliifunga Adriana kamba ikaivuta, na ndipo ikalala ubavu. Walinzi wa pwani kwanza walikana kuwapo kwa kamba yoyote. Baadaye wakakubali kwamba ilitumika, lakini kwa muda mfupi. Boti hiyo, iliyonunuliwa kwa sehemu kubwa na fedha za Umoja wa Ulaya, ina kamera zinazoona gizani. Tunaambiwa hazikurekodi chochote. Usiku wa tukio kubwa kuliko yote katika kazi yao, kamera zilizowekwa kwa ajili ya usiku kama huo hazikuacha hata picha moja.

Hapa sitaki Frontex ijifiche nyuma ya Wagiriki. Ni kweli ilijitolea zaidi ya mara moja kupeleka ndege nyingine na haikujibiwa. Lakini iliweza pia kutangaza wito wa dharura redioni ili kila chombo kilichokuwa karibu kikimbilie. Haikutangaza, kwa kuwa iliamua hakuna hatari ya papo kwa papo. Emily O'Reilly, aliyekuwa Mchunguzi Maalumu wa Malalamiko wa Umoja wa Ulaya, alilichunguza jambo hili na kutoa ripoti Februari 2024. Alikuta shirika lenye macho makali na mikono iliyofungwa, linalongoja nchi mwanachama iseme neno hata pale nchi hiyo inapokaa kimya.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Karibu miezi minne tu kabla, usiku wa tarehe 25 Februari, ndege ya Frontex ilikiona chombo kikielekea Calabria, Italia, na vifaa vyake vikahisi joto la watu wengi chini ya sitaha. Taarifa ikatumwa. Boti za polisi wa forodha zikatoka, bahari ikachafuka, zikarudi bandarini. Operesheni ya uokoaji haikuanzishwa. Alfajiri chombo kikapasuka mbele ya ufukwe wa Cutro, na watu wasiopungua 94 wakafa, wengi wao wakiwa wamekimbia Afghanistan.

Ugiriki ilikuwa na haraka ya kukamata mtu. Wamisri tisa, manusura wa Adriana wenyewe, waliwekwa ndani karibu mwaka mzima wakiitwa wasafirishaji haramu, hadi mahakama ya Kalamata ilipoitupa kesi Mei 2024 kwa kukosa mamlaka. Ilibidi mwaka mwingine upite, hadi Mei 2025, ndipo mwendesha mashtaka wa mahakama ya wanamaji, Piraeus, akawafungulia mashtaka watumishi 17 wa ulinzi wa pwani.

Nasi tunaosoma haya huku tusijione watazamaji. Vijana wa Eritrea, Somalia na Sudan wanapita njia hiyohiyo ya Libya. Kenya iliunda kikosi chake cha walinzi wa pwani mwaka 2018, na kila serikali ya ukanda huu inatamani kuona mbali zaidi baharini. Basi kabla bunge lolote halijapitisha fedha za ndege ya doria, lidai sheria hizi kwanza: rubani anayeona chombo kimezidiwa na watu wasio na jaketi atangaze dharura papo hapo, bila kungoja kibali cha mkubwa, ndege isiondoke kabla nyingine haijafika, kamera za boti ziwake kuanzia gatini, na anayezizima afukuzwe kazi na kushtakiwa. Na Frontex iondoke Ugiriki, na ndege zake, hadi wale 17 watakaposimama kizimbani mbele ya familia za Kashmir ya Pakistan na Daraa ya Syria ambazo hazikupewa hata mwili wa kuzika.