Ukithibitishwa Kutumia Pufya, Shujaa Utaitwaje?

Wasee, leo nitawaudhi wengine wenu, lakini acha niseme. Kila Oktoba Mashujaa Dei ikikaribia, mabishano ni yale yale: huyu atambuliwe, yule aachwe. Na likitajwa jina la mwanariadha aliyepatikana na pufya, utasikia mtu anauliza, "Lakini si alituletea medali?" Kutoka Maua hadi Siakago hoja ni hiyo tu. Mimi nasema hapana. Aliyethibitishwa kudanganya asipewe heshima ya taifa. Medali ni kitu kimoja, ushujaa ni kingine.

Tuanzie nyumbani. Meru na Embu sisi ni watu wa maziwa. Mkulima akifika mapokezi asubuhi, maziwa yake yanapimwa kwa laktomita. Yakipatikana na maji, anarudi nayo nyumbani, na aibu juu. Hakuna mtu atasimama aseme, "Lakini ng'ombe wake ni mzuri, mpeni kikombe cha mkulima bora." Ng'ombe anaweza kuwa mzuri kweli. Shida ni mkono uliotia maji.

Sasa tukuje kwa riadha. Rita Jeptoo alishinda Boston 2014 kwa saa 2:18:57. Baadaye mwaka huo huo akapatikana na EPO. Hiyo ni homoni ambayo figo hutengeneza zenyewe ili mwili uongeze chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni. Ya dukani ilitengenezewa wagonjwa, hasa wa figo. Ukiidunga ukiwa mzima, unakimbia na pumzi ambayo si yako. Jeptoo alifungiwa, na ushindi huo wa Boston ukafutwa.

Ni nani aliyeumia? Buzunesh Deba wa Ethiopia, aliyemaliza wa pili kwa 2:19:59. Yeye ndiye bingwa halali. Lakini utepe hakuukata, wimbo wa taifa lake haukupigwa, na karibu miaka 10 ikapita akiwa bado anadai tofauti ya zawadi, dola 100,000. Mwaka 2024 shabiki mmoja Mmarekani aliguswa akampa dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Shabiki! Kwa hivyo ukiniambia pufya haina mwathiriwa, nitakuuliza kama Deba si mtu.

Kisa cha Asbel Kiprop kinauma zaidi. Dhahabu yake ya mita 1500 ya Beijing 2008 aliipata baada ya Rashid Ramzi wa Bahrain kupokonywa kwa sababu ya dawa. Tulishangilia, na ilikuwa haki. Halafu sampuli ya Kiprop mwenyewe ya Novemba 2017 ikapatikana na EPO, akafungiwa miaka 4. Amekana siku zote. Lakini hatuwezi kupenda sheria ikitupa dhahabu, kisha tuiite njama ya wazungu ikitugeukia.

Wengine watasema, "Basi futeni kila kitu." Pole pole. Jemima Sumgong alikuwa Mkenya wa kwanza mwanamke kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Rio 2016. EPO ilipatikana kwenye sampuli ya Februari 2017. Ruth Chepngetich alikimbia Chicago 2024 kwa 2:09:56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya 2:10. Sampuli iliyomfunga ni ya Machi 2025: dawa ya presha iitwayo HCTZ, inayopigwa marufuku kwa sababu inaweza kuficha nyingine. Kipimo kilisoma 3,800 wakati kiwango cha kuripotiwa ni 20. Alikubali kosa, akapewa miaka 3. Dhahabu ya Rio ingali ya Sumgong na rekodi ya Chicago ingali ya Chepngetich, kwa sababu ushahidi haukufika huko nyuma. Sawa. Vitabu vya rekodi vifuate ushahidi.

Lakini heshima si kitabu cha rekodi. Rekodi inasema, "Hiki kilitokea." Heshima inamwambia mtoto, "Kuwa kama huyu." Kinoru iliandaa Madaraka Dei 2018, Embu ikaandaa 2023. Tunajua vile watoto hutulia jina la mtu likisomwa mbele ya umati. Jina hilo ni somo. Hata Njuri Ncheke haikubali mzee kwa kuhesabu ng'ombe wake tu, inaangalia mwenendo. Kwani taifa liwe na kiwango cha chini kuliko wazee wa Nchiru?

Wamarekani nao wamekwama hapo. Barry Bonds alipiga homurani 762, nyingi kuliko mtu yeyote katika ligi kuu yao ya besiboli, lakini alihusishwa na steroidi. Ili kuingia kwenye jumba lao la mashujaa huko Cooperstown unahitaji asilimia 75 ya kura za waandishi. Mwaka 2022, mara yake ya kumi na ya mwisho kwenye kura hizo, alipata 66. Natofautiana nao kwa jambo moja: kuhusishwa si kuthibitishwa. Sitaki tumnyime mtu heshima kwa uvumi wa kijiweni. Nataka uamuzi uliotolewa, rufaa zikiwa zimeisha.

Na hapa watu wa Meru na Embu wanisikize vizuri. Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere zina kathinoni na kathini, na zote mbili ziko kwenye orodha ya marufuku siku ya mashindano. Kathini ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo, umeshikwa. Kijana aliyetafuna na marafiki Ijumaa akakimbia Jumamosi si sawa na aliyejifungia chumbani na sindano ya EPO. Hata kanuni za dunia zinatofautisha makusudi na uzembe. Heshima nayo itofautishe. Mzembe aliyemaliza adhabu yake apimwe kwa maisha yake yote. Mdanganyifu wa makusudi, mlango ufungwe.

"Lakini hao watoto wametoka umaskini." Ni kweli, na aliyeibiwa nafasi ya nne pia ametoka umaskini. Tofauti ni kwamba yeye alirudi nyumbani bila pesa na bila dhambi. Kama unawaonea maskini huruma, anza na huyo. Na ukitaka kukasirika, wakasirikie pia daktari, mwenye duka la dawa na wakala wanaokula pesa kisha wanamwacha mwanariadha abebe msalaba peke yake. Nao wasionekane kwenye jukwaa lolote la heshima.

Msisahau bei tunayolipa wote. Mwaka 2022 Kenya iliponea chupuchupu kufungiwa, na serikali ikaahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5 kupigana na pufya. Hizo ni pesa ambazo zingejenga viwanja mashinani. Na msichana wa hapa kwetu akikimbia vizuri kesho huko nje, kabla hajapumua wataanza kunong'ona. Hajatumia chochote, lakini deni la wengine analilipa yeye.

Kwa hivyo pendekezo langu ni fupi. Sheria ya Mashujaa tunayo tangu 2014, na ADAK inaweka orodha ya waliofungiwa. Kabla ya jina lolote la mwanamichezo kusomwa Oktoba 20, lilinganishwe na orodha hiyo. Aliyedanganya makusudi atoke. Na nafasi yake apewe yule aliyekimbia safi akamaliza wa tano, ambaye wewe na mimi hata jina lake hatulijui. Huyo ndiye tumemkosea miaka hii yote.