Mashine haikukatai: kuna mtu aliyeandika sharti

Wakaaji wa Bukavu, na nyinyi jamaa mliotoka Minova, Kalehe, Kabare na Walungu mkapokelewa katika nyumba za Kadutu, Bagira na Panzi, kuna neno moja ambalo sote tumelisikia mwaka huu: «Mashine imekataa.» Mama anasimama kwenye mstari tangu alfajiri na jetoni mkononi, akifika mbele kijana mwenye tablete anamwambia mashine imekataa. Baba anaenda kutoa pesa aliyotumiwa na mwanawe kwa simu, anaambiwa mashine imekataa. Mwanafunzi anatafuta jina lake kwenye orodha, halipo, mashine imekataa. Kisha kila mmoja anarudi nyumbani kimya, kana kwamba mvua imenyesha. Mvua haina wa kuulizwa.

Leo nataka kulipinga neno hilo, na pia kuwapinga wale wote wanaotufanya tulikubali.

Mashine haina uwezo wa kukataa. Inafuata masharti, na masharti hayo yaliandikwa na mtu, mstari kwa mstari, katika lugha ya programu. Kama jina lako limekataliwa, kuna sharti ambalo hukulitimiza, au sharti lililoandikwa vibaya. Yote mawili yana mwenyewe, na mwenyewe huyo anaweza kuulizwa.

Tuchukue mfano ambao kila mtu wa Kivu ya Kusini ataufahamu. Jina moja la Kishi, huyu analiandika Cishugi, yule analiandika Chishugi. Sisi tukisikia tunajua ni jina moja. Kompyuta haisikii. Ndani yake kila herufi ni namba: C ni 67, i ni 105, h ni 104. Inapolinganisha majina hayo mawili, herufi ya kwanza inalingana. Ya pili ni 105 upande huu na 104 upande ule, basi imemaliza kazi: hawa ni watu wawili. Hata nafasi tupu kati ya maneno ina namba yake, 32, kwa hiyo Nabintu na Na Bintu si mtu mmoja. Mama aliyeandikwa kwa C-h huko Minova, kisha akafika hapa na karte ya uchaguzi iliyoandikwa C-i, anakuwa mgeni mbele ya jina lake mwenyewe. Anaweza hata kushukiwa kwamba amejiandikisha mara mbili.

Je, hiyo ni lazima? Hapana. Mwaka 1965 mwanahesabu wa Urusi, Vladimir Levenshtein, alieleza namna ya kupima umbali kati ya maneno mawili: unahesabu ni herufi ngapi za kuongeza, kuondoa au kubadilisha ili neno moja liwe lingine. Kati ya Cishugi na Chishugi umbali ni 1. Mwandishi wa programu angeweza kuweka sharti hili: umbali ukiwa mdogo, usikatae, mwite mtu aangalie karte na uso. Ni mistari michache tu. Asipoiandika, sababu ni kwamba hakuijua Kivu, au hakuna mtu wa Kivu aliyekaa karibu naye kumwambia.

Vidole ni hivyo hivyo. Mkulima aliyeshika jembe miaka 30, mama aliyebeba mizigo na kufua kwa mikono, alama zao za vidole zimefutika. Chombo kinazisoma kwa shida. Ni asilimia ngapi ya kufanana inatosha ili mtu apewe unga wake? Hiyo ni namba, na namba hiyo iliwekwa na mtu ofisini. Ikipandishwa, wengine wanalala njaa. Ikishushwa, wengine wanapita kwa jina la jirani. Kuichagua ni uamuzi kama uamuzi mwingine wowote wa viongozi, na tuna haki ya kuujua.

Kongo imewahi kulipa bei ya kutokujua. Tarehe 30 Desemba 2018 tulipiga kura kwa mashine za kampuni ya Miru Systems ya Korea ya Kusini, zaidi ya 100,000 katika nchi nzima. CENI ilisema ni chombo cha kuchapisha karatasi tu: unachagua mgombea kwenye kioo, karatasi inatoka, unaitia sandukuni. Wapinzani wakaibatiza «machine à voler», mashine ya kuiba. Tulibishana miezi mingi, barabarani na redioni. Lakini waliotetea na waliopinga, wote walikuwa wanabishana juu ya sanduku lililofungwa. Sisi wapiga kura hatukuonyeshwa hata mstari mmoja wa maandishi yaliyokuwa yanaiendesha. Desemba 2023 mashine za aina hiyo zikarudi, nasi tukarudi kwenye mabishano yale yale. Mengine juu ya chaguzi hizo mnayajua, sitayarudia.

Kwa hiyo nasema: kujua kusoma programu, kujua namna inavyofasiriwa na mfumo unavyoiendesha, ni sehemu ya kujua kusoma na kuandika. Vijana wetu wanahitaji masomo hayo sasa, na wayapate kwa Kiswahili. Najua watu watatu watakaonipinga. Nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza anasema Kiswahili hakiwezi kubeba mambo hayo, hiyo ni kazi ya Kifaransa na Kiingereza. Huyo nampeleka kanisani siku ya Jumapili. Mhubiri mgeni anasema sentensi moja, mtu aliyesimama kando yake anaigeuza kwa Kiswahili, kisha sentensi inayofuata. Huyo tunamwita mkalimani. Lakini yule aliyechukua kitabu kizima, akakaa nacho nyumbani, akarudi nacho kikiwa chote kwa Kiswahili, tunamwita mfasiri. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mwanafunzi wa enformatike anahangaika nayo wiki nzima. Python kwa kawaida inafanya kazi kwa njia ya mkalimani: inasoma na kutekeleza papo hapo. Lugha ya C, aliyoitengeneza Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1972, inahitaji mfasiri. Mfasiri huyo anaitwa kompaila. Anachukua maandishi yote, anayageuza kuwa namba ambazo mashine inazielewa, na akikuta kosa la sarufi anakurudishia karatasi kabla ya kazi kuanza. Watoto wa Bukavu wanaongea Mashi au Kirega na nyanya, Kiswahili sokoni na Kifaransa darasani. Ni nani duniani atakayemfundisha mtoto huyo maana ya kufasiri?

Na kazi hii imeshaanza kwingine. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Watu walikaa wakatafuta maneno, wakayapata. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Lugha ya taifa inayoishia sokoni na kwenye nyimbo imeonewa.

Wa pili ni mwalimu, na hapa naomba mwalimu anisamehe, kwa maana mshahara wake tunaujua. Anasema enformatike tayari inafundishwa. Lakini inafundishwaje? Katika shule nyingi mtoto ananakili ubaoni kwamba kibodi ni chombo cha kuingiza data na kioo ni chombo cha kutoa data. Anakariri, anapata alama 8 kwa 10, na hajawahi kugusa kibodi. Akifika chuo kikuu ananunua silabisi, anakariri tena, kwa Kifaransa anachokielewa nusu. Mwisho anajua Word na Excel, yaani anajua kutumia vitu vilivyoandikwa na wengine. Tumewazoesha watoto kukaa upande wa mbele wa tablete. Upande wa nyuma, ule wenye masharti, hatujawaonyesha kamwe.

Upande huo wa nyuma una hatari ambazo hata kusoma masharti peke yake hakutoshi kuzikinga. Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waliotengeneza mfumo wa Unix, alionyesha jambo la kutisha. Mtu anaweza kumfundisha kompaila hila: kila anapofasiri programu inayolinda mlango wa mfumo, aingize kwa siri ufunguo wa mwizi. Na anapofasiri kompaila mwenzake, aingize hila hiyo hiyo ndani yake. Baada ya hapo unaifuta hila kwenye maandishi. Anayeyasoma haoni kitu, lakini mwizi yumo. Ni kama nyanya asiyejua Kifaransa anayemwomba kijana amsomee barua. Barua inaweza kuwa safi, na msomaji ndiye anayedanganya. Dawa yake pia inajulikana, na nyanya zetu wanaijua: barua ile ile unampa kijana wa pili asiyemjua wa kwanza, kisha unalinganisha. David A. Wheeler alionyesha mwaka 2005 namna ya kufanya hivyo kwa kompaila mbili. Jamii yenye msomaji mmoja iko mikononi mwa msomaji huyo. Ndiyo maana nataka wasomaji wengi, katika kila komini.

Wa tatu ndiye mwenye maneno mazito kuliko wote. Anasema: Februari 2025 benki zilifungwa, ndege zikaacha kutua Kavumu, watu wamelala kwenye sakafu za jamaa, na wewe unatuletea kompaila? Kwanza chakula, kwanza amani. Ndugu yangu, chakula chenyewe sasa kinapitia kwenye orodha ya kompyuta. Pesa ya mwanao inapitia kwenye simu. Jina lako la mkimbizi liko kwenye faili ambalo hujaliona. Vita ndivyo vilivyotuingiza ndani ya mashine hizi, bila kutuuliza. Mtu aliyepoteza shamba na nyumba hawezi kungoja amani ili ajue ni nani anayeshika jina lake.

Na wala sidai majengo. Umeme wa Ruzizi unakuja unapotaka, inite na mega ni ghali, hilo nalijua. Lakini simu za Tecno na itel ambazo vijana wanazo zinaendeshwa na Android, na kiini cha Android ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Maandishi ya kiini hicho yako wazi, yeyote anaruhusiwa kuyasoma. Kompaila ya GCC, iliyotolewa na Richard Stallman mwaka 1987, ni ya bure. Ile ndogo ya Fabrice Bellard, TCC, kwenye kompyuta ya kawaida ina kama kilobaiti 100. Picha nyingi tunazotumiana kwa WhatsApp ni nzito kuliko hiyo. Programu ya Termux inamwezesha kijana kuandika na kufasiri C kwenye simu yake, na ikishapakuliwa pamoja na kompaila yake haiombi intaneti. Kiwix inahifadhi Wikipedia yote kwenye kadi ya simu. Mtu mmoja akipakua, avenyu nzima inaweza kunakili. Simu tano na daftari moja zinatosha kuanza darasa la jioni chini ya mwembe au kwenye ukumbi wa parokia.

Basi naomba hivi, na naomba kwa majina ya kazi zao.

Walimu wa enformatike: wiki hii fundisheni sharti moja tu kwa Kiswahili. «Kama watoto ni zaidi ya 5, ongeza mfuko mmoja.» Muwaulize wanafunzi: familia yenye watoto 5 kamili inapata nini? Hapo wataona namna neno moja, «zaidi ya», linavyomnyima mtu mfuko.

Mashirika yanayoandikisha waliohama: bandikeni masharti yenu ukutani, kwa Kiswahili, kabla ya siku ya ugawaji. Sheria ya Kongo ya mambo ya dijitali, Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, inampa mtu haki ya kuona habari zake na kuzirekebisha. Mkae na mtu mwenye uwezo wa kurekebisha jina hapo hapo. Msimwache kijana wa tablete ajibu peke yake, yeye pia hajui.

Redio za jamii: mmetufundisha kipindupindu na kunawa mikono, na tukaelewa. Mtupe nusu saa kwa wiki ya kueleza mashine hizi, na mtoto wa Cimpunda aliyehama pamoja na mwenzake mwenyeji waisikilize pamoja.

Wazazi: msiwaache wasichana nyuma mkisema hiyo ni kazi ya wavulana. Aliyetengeneza mmoja wa wafasiri wa kwanza kabisa wa kompyuta, mwaka 1952, alikuwa mwanamke, Grace Hopper.

Na wewe uliye kwenye mstari, siku utakayoambiwa tena mashine imekataa, usiondoke. Uliza kwa adabu, lakini kwa sauti ambayo wa nyuma yako watasikia: ni sharti gani nimelikosa? Nani aliliandika? Naweza kurekebisha wapi? Shefu wa avenyu asimame nawe. Kama hakuna hapo anayeweza kujibu, andikeni tarehe, mahali na jina lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, mtuletee. Tutayachapisha hapa.