Karatasi ya nyumba: soma kwanza, saini baadaye

Juma hili tuzungumze juu ya deni linaloshika nyumba.

Tangu benki za Bukavu zilipofunga milango Februari 2025, feza imekuwa ngumu mpaka huku kwetu Shabunda. Anayetafuta mtaji wa biashara, feza ya masomo ya watoto au ya kuchimba dhahabu kwenye mto Ulindi, mara nyingi anaishia kwa mkopeshaji wa mtaani, yule tunayemwita Banque Lambert. Huyo haulizi mshahara. Anauliza karatasi ya parseli.

Tufanye hesabu. Umekopa dola 500, riba ni dola 20 kwa kila 100, kila mwezi. Ukilipa riba tu, ni dola 100 kwa mwezi. Baada ya miezi 5 umetoa dola 500, na deni bado ni dola 500. Mwezi wa 6 mtoto anaugua, unakosa kulipa, na mkopeshaji anakuja kusema nyumba ni yake.

Je, ni yake? Hapana. Inchi yetu iko ndani ya OHADA tangu Septemba 2012. Kwa sheria hiyo, nyumba mnayokaa haiwi mali ya mkopeshaji kwa sababu tu mmekosa kulipa, hata kama mliandikiana hivyo. Rehani ya kweli inaandikishwa kwenye ofisi ya ardhi. Mkopeshaji anapaswa kwanza kuwatumia wisie na amri ya kulipa, yenye muda wa siku 20. Nyumba ikiuzwa, inauzwa kwa mnada wa sheria, na feza inayozidi madeni ni yenu.

Lakini angalieni mtego huu: wengine hawaandiki deni, wanaandika kwamba umeuza nyumba. Karatasi iko kwa Kifaransa, mama anatia saini, anafikiri ni mkopo. Mbele ya tribinali, ni kazi kubwa kuonyesha kwamba hukuuza.

Mama, saini yako ina nguvu. Sheria ya jamaa, kwenye kifungu cha 499, inataka bwana na bibi wakubaliane wote wawili kabla ya kuuza nyumba au kuiweka rehani. Basi bwana akileta karatasi, uliza kwa heshima: Ni deni ao ni mauzo? Riba ni ngapi? Mwisho ni siku gani? Omba kopi yako.

Na kama mmeisha kuchelewa, musijifiche. Nendeni kwa mkopeshaji mbele ya tarehe, ombeni mapatano mapya kwa maandishi, na mudai risiti ya kila feza munayotoa. Musikope kwa mtu wa pili ili kumlipa wa kwanza.

Kwenye mkutano ujao wa MUSO, mama mwenye karatasi asiyoielewa ailete. Tutaisoma pamoja, mstari kwa mstari.